Mzambarau wa Kisiwani

Mbuzi alikuwa wetu.

Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini. Nililikana mbele ya mwalimu wangu, nikalikana mbele ya mama yangu, na nilipokwenda chuo kikuu na kujifunza maneno makubwa nikapata namna ya kulikana hata mbele ya nafsi yangu: nilijiambia kwamba kumbukumbu za utotoni huchanganyika. Hazikuchanganyika. Alikuwa mbuzi jike mwekundu, sikio moja limepasuka, tulimwita Shangazi kwa sababu aliingia nyumba za watu bila hodi na kula alichokikuta. Ndiye aliyekula mche wa Mwalimu.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka siku ya kuzikwa, kama nisingekuja kujua, mwaka huu tu, kwamba kwa ajili ya mbuzi huyo wazee wawili wa Sitalike, ambao nyumba zao zimetenganishwa na ua wa minyaa, hawakuwa wamesalimiana tangu nikiwa darasa la sita. Mmoja ni Mwalimu. Mwingine ni Katekista. Katekista alikuwa hatoki nje tena, miguu imevimba, na watu walikuwa wanapishana mlangoni kwake kumjulia hali. Kila mtu alikwenda isipokuwa jirani yake.

Nianze na Mwalimu, maana kumweleza yeye ni rahisi kuliko kujieleza mimi.

Alitufundisha Sayansi. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amekaa miaka miwili Pemba, akiwasaidia wataalamu waliokuwa wakihesabu popo. Usiniulize mtu wa bara alifikaje huko. Tulimwuliza mara nyingi na kila mara alijibu, "Kwa meli," kana kwamba swali lilikuwa hilo. Alichorudi nacho ni sanduku la bati, na kisiwa kizima kichwani.

Sasa fikiria anafundisha wapi. Sitalike iko mlangoni mwa hifadhi. Kiangazi, maji ya Mto Katuma yakipungua, viboko hulaliana kwenye tope chini ya daraja kama magunia ya mpunga ghalani. Mamba tunawajua. Tembo wamekula mahindi ya baba zetu. Mtoto wa Sitalike hashangazwi na mnyama. Halafu anakuja mtu mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, anasimama mbele yetu na kusema kwamba kuna kisiwa kisicho na simba, hakina tembo, hakina twiga, na kwamba ndicho chenye wanyama wa ajabu.

"Ajabu gani sasa, Mwalimu?" aliuliza mmoja nyuma. "Hata fisi hawana?"

"Wana popo," alisema Mwalimu.

Darasa lilicheka mpaka madirisha yakatikisika. Popo tulikuwa nao kwenye dari ya kanisa, wadogo kama panya, wananuka. Mwalimu hakukasirika. Alichukua chaki, akamwita mtoto mmoja mrefu, akamsimamisha ukutani na mikono ameinyoosha. Kisha akamchora popo wa Pemba nyuma yake, kwa kipimo chake halisi, bawa hadi bawa. Mtoto alipotoka pale, mabawa yalikuwa yamepita ncha za vidole vya mikono yote miwili. Uso ulikuwa wa mbweha mdogo, wenye huruma. Tukasogea kumtazama kwa karibu.

Mchoro ule ulikaa ukutani miaka. Shule ilipopakwa chokaa, Mwalimu alimsimamia fundi na kumwambia azunguke. Fundi akazunguka. Wageni wakija wanauliza kwa nini ukuta una kivuli.

Kutoka kwake tulijua kwamba kuna kaa anayepanda mnazi. Tulijua mpapindi, mti wa jamii ya minazi, mwembamba, unaoota msituni Pemba na haupatikani kwingine duniani. Tulijua ninga wa Pemba, njiwa wa kijani ambaye akinyamaza kwenye majani unaweza kumtazama na usimwone. Na mtondoo, unaoota kwenye mchanga wa ufuko, unaoangusha tunda la mviringo linaloelea baharini hata mwezi mzima likitafuta pa kuota. Mimi bahari sikuwahi kuiona. Lakini kwenye mtihani niliandika juu ya mtondoo ukurasa mzima, ingawa swali lilihusu usagaji wa chakula.

"Hapa kwetu mnyama akishindwa anahama," alipenda kusema. "Kisiwani hakuna pa kuhamia. Lazima akae na jirani yake, wajuane, wabadilike. Ndiyo maana wanakuwa wa pekee."

Nimelikumbuka sana neno hilo siku hizi. Utaona kwa nini.

Alikuwa na kanuni ya kutambua mmea: kwanza pua, kisha macho, mdomo mwisho. Hutaji jina kabla hujavunja jani na kulinusa. Ukitaja kwa kutazama tu, alikurudisha nyuma ya mstari kama mtu aliyesukuma foleni. Siku aliyotupeleka hifadhini, tembo dume alisimama karibu na gari, sote tukabana pumzi, na Mwalimu alikuwa amempa kisogo anachungulia ua jekundu kwenye gogo. Askari wa wanyamapori akamwambia, "Mwalimu, tembo!" Akajibu bila kugeuka, "Huyo tutamwona tu, hata tusipotaka."

Nisimfanye malaika. Mtu huyu aliyetufundisha kwamba kinyonga hana sumu wala balaa, alikuwa akimwona kinyonga njiani anavuka upande wa pili. Alituhubiria juu ya kukata miti huku mke wake akipikia mkaa. Nilipomwuliza alisema, "Na Mwalimu anakula ugali," akafunga mjadala. Alimrekebisha kila mtu. Alimrekebisha mwenye duka aliyeandika bei vibaya, alimrekebisha padri aliyesema nyangumi ni samaki. Kukosea alisamehe, hata mara kumi. Kudanganya hakusamehe. Akigundua mtoto kaiga jibu la mwenzake hakumchapa, aliacha kumtazama. Wiki nzima macho yake yanakupita kama hewa. Tungependelea fimbo.

Na alikuwa na rafiki mmoja, Katekista.

Katekista alitokea Kibaoni, Mpimbwe halisi kwa kabila, mnene, mcheshi, mwenye mbuzi wengi na sauti ya kufukuzia nyani. Urafiki wao ulikaa kwenye baiskeli. Mwalimu alikuwa na baiskeli isiyo na pampu, Katekista alikuwa na pampu isiyo na baiskeli. Kila asubuhi Mwalimu alipita kwenye mwanya wa ua wa minyaa, akapiga hodi, akaomba pampu. Angeweza kununua yake. Mama Mwalimu alimwambia hivyo mara nyingi. Lakini kuomba pampu kulichukua nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo walitaniana.

"Mwalimu, hicho kisiwa chako bado hakijazama?"

"Bado, Katekista. Kinawasubiri wenye dhambi wa Mpimbwe."

"Sisi tuna Ziwa Rukwa, bwana. Tukitaka kuzama tunazama kwetu."

Ndani ya sanduku la bati kulikuwa na gando la kaa, manyoya mawili ya ninga, na mbegu kadhaa za mtondoo alizookota chini ya miti wanakolala popo. Alizipanda zote, mwaka hadi mwaka, kwenye makopo. Zilioza. Moja tu, ya mwisho, ilichipua. Mwalimu akaitoa kwenye kopo na kuipanda uani, akaizungushia vijiti. Katekista alichungulia juu ya ua.

"Ndiyo huo? Ukikua utawafaa mbuzi wangu."

Wote walicheka. Nilikuwapo. Maneno hayo yalikuja kumponza Katekista.

Likizo ilipofika Mwalimu aliitwa semina Sumbawanga, wiki mbili, na mkewe alikuwa kwao kuuguza. Aliniita mimi. Kati ya watoto wote. Akaniambia mche nitaumwagilia jioni, kopo moja, polepole. "Wewe unasikiliza," alisema. Nilikwenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Siku ya tisa mama alinituma nimchunge Shangazi. Nami, kwa akili ambayo baadaye ingepewa shahada mbili, nikaona kazi mbili zinaweza kufanyika mahali pamoja. Nikamfunga mbuzi kwenye nguzo ya jiko la Mwalimu, nikaenda kisimani. Kisimani kulikuwa na wenzangu, na maneno. Niliporudi kamba ilikuwa imelegea na Shangazi alikuwa anatafuna, ananitazama bila wasiwasi wowote. Palibaki kijiti chenye urefu wa kidole.

Sikulia. Ningelia labda mambo yangekuwa mengine. Nilifikiri kisayansi, kama nilivyofundishwa. Majani ya mtondoo: yamekaa mawilimawili, yanang'aa, mishipa yake midogo imepangana kama nywele zilizochanwa. Nilikuwa nimeona majani ya namna hiyo mahali fulani. Mtoni. Mzambarau pori.

Nikaenda Katuma peke yangu, nikashuka chini ya daraja, nikachimba kwa mikono huku viboko wakipuliza maji jirani. Niliona afadhali kiboko mwenye meno kuliko macho ya Mwalimu yakinipita wiki nzima. Nikaupanda mche wangu penye kile kijiti, nikapanga vijiti vilevile, nikasawazisha udongo. Ulifanana. Nilijivunia, Mungu anisamehe.

Mwalimu alirudi. Akachuchumaa mbele ya mche muda mrefu. Akakata ncha ya jani, akaifikicha, akainusa. Kisha akauliza, bila kunitazama:

"Mbuzi aliingia humu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mbuzi wa Katekista hawakuruka?"

Nikasema, "Sijui, Mwalimu."

Nilijifariji sana kwa lile "sijui". Nililiona si uongo. Kumbe kwa neno hilo nilikuwa nimefungua lango la mtu mwingine na kuondoka.

Mche ukakua. Ulipozaa, ulizaa zambarau nyeusi za kawaida kabisa, zilezile tulizookota mtoni, na hapo ndipo kijiji kilipofanya kosa ambalo naamini ni Sitalike tu wangeweza kulifanya. Kila mtu alijua Mwalimu kapanda mti wa kisiwani. Basi watu walizila zambarau zile, wakalamba vidole, wakasema za kisiwani ni tamu zaidi. Wakaomba mbegu. Wengine walikuja kutoka Mpanda. Kuna watu Kibaoni wana "mzambarau wa kisiwani" shambani, hatua chache kutoka mizambarau ya porini iliyoota yenyewe, na watakuonyesha tofauti.

Na Mwalimu, mtu aliyemrekebisha padri juu ya nyangumi, hakusema neno. Hakuthibitisha wala hakukana. Nilimaliza ujana wangu nikiamini kwamba amezeeka macho, au kwamba penzi la kisiwa limeishinda sayansi yake. Ilinifaa kuamini hivyo.

Nilifika mbali zaidi. Nilipoanza kuandika magazetini, niliandika makala nzuri sana juu ya mti wa pwani uliokubali udongo wa Katavi, mfano wa umoja wa taifa letu. Walimu wa chuo walinisifu. Mtu mmoja alilia. Mwalimu aliikata makala, akaibandika ndani ya mlango wa kabati, na nilipomtembelea akanionyesha.

"Umeandika vizuri, binti," alisema. "Lakini hukunusa."

Nilidhani ananitania juu ya mtindo. Shahada mbili.

Nikarudi kuishi Mpanda miaka michache iliyopita, na mwezi uliopita nikaenda Sitalike kumwona. Alikuwa amekaa barazani, suruali imepigwa pasi vilevile ingawa yeye amepungua ndani yake. Mama Mwalimu alitutengea chai na mihogo. Baiskeli iliegemea ukuta, tairi la nyuma limelala. Ng'ambo ya ua watu walikuwa wanaingia na kutoka.

"Kuna nini kwa Katekista?" niliuliza.

"Anaumwa," alisema Mama Mwalimu, akamtazama mumewe. "Watu wote wa jumuiya wamekwenda. Huyu ndiye kabaki."

"Mama, tumeshayamaliza hayo."

"Umeyamaliza wewe. Mimi nakwenda kila siku, ananiuliza, 'Mzee hajambo?' Nimjibu nini? Mtu anakufa hapo, Baba, hatua ishirini."

Akaingia ndani. Mwalimu alikoroga chai isiyo na sukari. Nikamwuliza kulikoni, nikitegemea kusikia habari za mpaka wa kiwanja, kama kwa majirani wote.

"Unaukumbuka mche?" alisema.

Nikachukua kipande cha muhogo.

"Ule uliokua si mtondoo. Nilijua siku ileile. Mtondoo ukivunja jani unatoa utomvu mweupe. Niliwafundisha. Ule haukutoa kitu." Alisema bila haraka, kama anasoma ubaoni. "Mbuzi wake waliula, akaona haya, akaleta mwingine usiku ili nisijue. Ningemsamehe. Mbuzi ni mbuzi. Nilimwendea nikamwuliza kwa upole kabisa. Akakana. Nikamwuliza tena. Akaapa kwa msalaba, Katekista mzima, kwa ajili ya mbuzi! Nikasema, basi. Huyu si mtu."

"Na watu wanaposema ni mti wa kisiwani?"

"Nimewaacha. Nilitaka aione kila siku kazi yake. Nilitaka siku moja aje aseme mwenyewe." Akatazama ua. Pale palipokuwa na mwanya, minyaa imeota nene kama ukuta. "Mpaka leo anakana. Mwezi uliopita kamwambia Mama: 'Mwambie mzee sikuugusa.' Mtu anakaribia kwa Mungu wake bado anadanganya. Nitamwonaje?"

Zambarau zilikuwa zinaanguka juu ya mabati, moja moja. Nilikaa naye saa tatu. Nilifungua mdomo labda mara kumi. Nilisifu chai. Niliuliza bei ya mpunga, mimi ambaye silimi. Niliinuka, nikaenda kuutazama mti, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena, mpaka akaniuliza kama nimekalia siafu. Nikaaga. Nikasimama barabarani nikigeukageuka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha nikapanda gari nikarudi Mpanda.

Hivyo ndivyo nilivyo. Nilimwacha mtu mbele yangu, nikasafiri mpaka mjini, ili nipate kumwambia kwa simu.

Na simu yenyewe sikuipiga siku hiyo. Nilipiga deki. Nilipanga vitabu kwa urefu. Niliandika barua kwanza, nikaona ina aya nzuri mno, nikaichana. Aliyekosa haandiki aya nzuri. Bajaji zilipita nje zikicheza nyimbo za Dar, nami nikitembea toka jikoni hadi sebuleni na simu mkononi. Nilijiuliza kama Katekista angefika Jumapili. Nikajiona ninahesabu siku za mgonjwa ili nijue nimebakiwa na muda gani wa kuwa mwoga. Hapo nikakaa chini, nikapiga. Ilikuwa saa kumi alasiri, siku ya tatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Ulifika salama?"

"Nilifika. Mwalimu, mbuzi alikuwa wetu."

Kuku walikuwa wanalia kwake.

"Mbuzi yupi?"

"Shangazi. Nilimfunga kwenye nguzo ya jiko, nikaenda kisimani."

"Yule mwenye sikio?"

"Huyohuyo."

"Na mche?"

"Niliung'oa mtoni. Chini ya daraja."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Alivuta pumzi. "Wale viboko wangekuua," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuisikia. "Mjinga wewe. Kwa ajili ya mche!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote isipokuwa hilo. Nikalia, nikiwa na umri huu.

"Katekista hakujua?" aliuliza.

"Hakujua chochote, Mwalimu."

"Aliapa."

"Aliapa kweli."

Nilisubiri. Nilitaka aniambie amenisamehe, au hajanisamehe, nijue pa kukaa. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisema, "Usikate," na nikasikia kiti kikisogea.

Nadhani alisahau kwamba ameshika simu. Nilisikia kandambili zikiburutwa uani. Zikasimama, nikajua amefika penye minyaa, pale palipokuwa na mwanya. Zikageuka. Ilibidi azunguke kwa barabarani. Bodaboda ilipita, mtu akamwamkia, hakuitika. Kisha mbuzi, wengi, karibu sana. Kisha pumzi yake tu, muda mrefu hata nikadhani ameghairi na kurudi.

"Hodi," alisema. Ile sauti ya darasani.

Nikasikia akigonga mlango.

"Hodi hapa."

Ndani mtu alikohoa. "Nani huyo?"

"Ni mimi. Nimekuja kuomba pampu."

Simu ilikuwa imenigandama sikioni. Nilisikia kitanda kikilia, polepole, kama mtu mzito anayejaribu kuinuka.

"Pampu ilishakufa siku nyingi," sauti ilisema. "Ingia."